Kabla ya vakansi: unga, mbegu au soda?

Shule hufunga mwanzoni mwa Julai na kufunguliwa Septemba. Kabla yake kuna sikukuu ya uhuru, tarehe 30 Juni, siku ambayo hakuna mtoto anayekubali kula kama kawaida. Kwa mama wa Muheto, au wa kijiji chochote cha vilima vya Masisi, vakansi hiyo ni miezi miwili ya watoto walio nyumbani kutwa: asubuhi wanataka mandazi, mchana kitu kitamu, jioni mboga isiyokuwa ile ya jana. Pesa haijaongezeka. Inabidi kuamua sasa, kabla bei za sikukuu hazijapanda.

Nitasema msimamo wangu mapema. Faranga za kwanza ziende kwenye mbegu za lenga-lenga. Zinazofuata ziende kwenye unga wa ngano, lakini ununuliwe kwa kushirikiana na majirani. Zikibaki, nunua kipande cha fromaji. Soda na biskuti za pakiti ziache dukani. Na kabla ya hayo yote, piga hesabu ya makala.

Moto ndio bei ya kwanza

Watu wengi wakihesabu gharama ya mandazi wanataja unga, sukari na mafuta. Makala hawayataji, kwa kuwa gunia lilishanunuliwa wiki iliyopita na pesa yake imeshasahaulika. Hapo ndipo faida yote inapopotea.

Mlimani moto unakula zaidi. Ziwa Kivu lenyewe liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na vilima vingi vya Masisi vinapita mita 2,000. Ukiwa mita 2,000, maji huchemka yakifika digrii 93 hivi, si 100. Maharage yanachelewa kuiva, na makala yanazidi kuisha. Ndugu yako aliye chini Walikale, msituni, anapika maharage yale yale kwa muda mfupi zaidi, tena kuni ziko karibu naye.

Kwa hiyo loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, pika sufuria ikiwa imefunikwa, na usiwashe mbabula kwa kazi moja tu. Maharage yakiiva, makaa yaliyobaki pamoja na konzi mbili za makala mapya yanatosha kuoka mkate mdogo. Anayewasha moto mpya kwa ajili ya mkate peke yake analipa mkate ule mara mbili.

Mbabula zenyewe ziko za aina mbili sokoni. Ya bati tupu ni rahisi kununua, haivunjiki ukiibeba kwenye pikipiki au chukudu, lakini joto lake linatokea pembeni na bati linaliwa na kutu. Ile yenye udongo ndani ni ghali zaidi siku ya kununua, ila inatunza joto na kupunguza makala kila siku. Mradi wa EcoMakala wa WWF, ulioanza Kivu Kaskazini mwaka 2007 kwa kupandisha miti ya makala ili msitu wa Virunga upumzike, ulisukuma pia matumizi ya majiko ya namna hii. Kama unanunua makala, chukua yenye udongo. Kama unaokota kuni bure, ya bati inatosha. Kabla ya kulipa, gonga udongo kwa kidole na uangalie kama kuna ufa, kwa sababu barabara ya kutoka Sake haina huruma na udongo.

Gunia la makala nalo lina siri zake. Kichwa kinajazwa vipande vikubwa vizuri na kufunikwa majani, chini kuna vumbi. Inua gunia uone uzito wake, kisha ligonge chini mara moja: likishuka sana, limejaa hewa. Makala ya mkaratusi huwaka haraka na kuisha haraka, yanafaa chai na kukaanga. Ya mti mgumu hukaa, yanafaa maharage na mkate. Kununua kwa kopo kila siku ndiyo njia ya ghali kuliko zote, na ndiyo inayotumiwa na wasio na pesa ya gunia. Wawili wakigawana gunia moja, wote wawili wametoka kwenye mtego huo.

Mandazi ya nyumbani yanalipa lini?

Swali hili nalijibu kwa hesabu. Bei ninazoweka hapa ni za kufanyia mfano tu. Ondoa zangu, weka za soko lako la wiki hii. Vipimo havibadiliki.

Kilo moja ya unga wa ngano, maji nusu lita au zaidi kidogo, sukari gramu 100 na chachu gramu 10 hutoa mandazi kama 30 ya ukubwa wa kawaida. Tuseme unanunua unga kwa kopo, kilo inakufikia faranga 3,000. Sukari 300. Chachu ya pakiti ndogo 500. Mafuta yatakayonyweka 700. Makala ya moto mpya 700. Jumla 5,200, yaani faranga 173 kwa andazi moja. Kama la barabarani linauzwa 200, umeokoa faranga 800 tu kwa kilo nzima, na umekaa jikoni asubuhi yote. Mama anayeuza mandazi njiani anakaanga mengi kwa moto mmoja. Kwa hesabu hiyo, mnunulie yeye.

Sasa badilisha vitu viwili. Unga uwe wa gunia mliloshirikiana, kilo 2,500. Moto uwe ule wa maharage, uongeze makala ya 200. Jumla inashuka hadi 4,200, andazi moja 140, na umeokoa 1,800. Kukandia nyumbani bila kushirikiana unga na bila kupanga moto hakuna maana ya kifedha. Ukivipanga viwili hivyo, kunakuwa na maana kubwa.

Mkate wa sufuria unalipa zaidi ya mandazi, kwa sababu hauhitaji mafuta ya kukaangia. Kilo ya unga hutoa mkate wa kilo moja na robo hadi moja na theluthi. Tia mchanga mkavu au vijiwe ndani ya sufuria kubwa, weka ndani yake sufuria ndogo yenye donge, funika kwa bati au mfuniko wa chuma na utandaze makaa juu. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Mkate wa jana unachomwa kwenye makaa ya chai na unarudi kuwa mzuri. Mandazi ya juzi hayarudi.

Baridi ya mlimani inachelewesha donge kuumuka. Usiongeze chachu kwa haraka, ongeza muda: likande jioni, lifunike, liache hadi alfajiri. Kwa keki ya unga wa kuumulia, mambo yanageuka. Huku juu hewa ni nyepesi, keki hupanda upesi kisha huzama katikati. Punguza unga wa kuumulia kidogo, kama robo ya kipimo ulichozoea au ulichoandikiwa na dada aliye mji wa chini. Umeokoa pia.

Kuhusu chachu, pakiti ya gramu 500 inatosha kilo 50 za unga, na kwa gramu ni rahisi mno kuliko vipakiti vidogo. Tatizo ni kwamba ikifunguliwa inalala ikikutana na unyevunyevu. Mtu mmoja asiinunue. Kundi la nyumba tano lililonunua gunia la kilo 25 litatumia nusu yake. Iliyobaki ifungwe vizuri kwenye kopo kavu lenye mfuniko. Soma tarehe ya mwisho kabla ya kulipa. Kama una shaka, tia kijiko kidogo katika maji ya uvuguvugu yenye sukari: baada ya dakika kumi pasipotoka povu, imekufa. Wenye kuoka mara kwa mara wanaweka konzi moja ya donge la leo, wanaichanganya na la kesho, na chachu wanainunua kwa nadra sana.

Unga wa ngano unatoka mbali na bei yake inafuata barabara, mpaka na dola. Usikubali ikuamrishe peke yake. Katika kila kilo tano unaweza kuweka kilo moja ya unga wa muhogo, na mkate utaumuka bado, mzito kidogo tu. Viazi vitamu vilivyochemshwa na kupondwa vinafanya kazi nzuri zaidi kwenye mandazi, tena vinapunguza sukari. Ndizi zilizoiva kupita kiasi, zile ambazo jioni muuzaji anataka kuzitupa, zikipondwa na unga wa muhogo zinatoa vikate vitamu vya kukaanga bila sukari hata kijiko. Kwa watoto wa vakansi ningeanza na hizi.

Mafuta ya kukaangia: mawese yanayopanda kutoka Walikale ni ya bei nafuu kuliko mafuta meupe ya chupa, na yakiwa mekundu yana vitamini A. Ladha na rangi yake inaonekana kwenye mandazi, wengine hawaipendi. Yaweke kwenye sombe, maharage na vikate vya ndizi, kisha ya chupa uyatumie kidogo. Baridi ya huku huyagandisha mawese, na chupa iliyoganda haionyeshi kama chini kuna uchafu au maji. Omba muuzaji aipashe kwanza. Akikataa, nenda kwa mwingine.

Nini cha kupanda, nini cha kununua

Bustani si lazima iwe na kila kitu. Kuna mboga inayokulipa kabla ya vakansi kwisha, na kuna ambayo jirani anailima kwa wingi hadi ni upuuzi kushindana naye.

Lenga-lenga ndiyo ya kwanza. Panda wiki ya kwanza ya Juni, na mwanzoni mwa Julai unakata. Usiing'oe, kata ncha, itachipuka tena. Mche mmoja au miwili uache itoe mbegu, na hutanunua tena. Faida nyingine haionekani sokoni: lenga-lenga inaiva kwa dakika chache. Sombe inataka kutwangwa na kuchemka muda mrefu, na mihogo yenyewe inakua polepole kwenye baridi. Fungu la sombe likiwa na bei sawa na la lenga-lenga, ujue la sombe limekugharimu zaidi mara makala yakihesabiwa. Sombe iwe ya Jumapili.

Kabeji na karoti zinataka kama miezi mitatu. Ukizipanda leo utazila Septemba, watoto wameshavaa sare. Tena kabeji haitoi maua kwa urahisi katika nchi zetu, kwa hiyo mbegu yake ni ya kununua kila mara, na za chotara ukizihifadhi hazizai kama mama yao. Masisi inalima kabeji nyingi. Nunua kichwa kigumu, kizito kwa ukubwa wake, wakati mkulima anavuna. Majani ya nje akikupa kama matabishi, yachukue kwa ajili ya sungura au kuku.

Viazi ulaya vivyo hivyo: nunua. Vidogo vidogo vinauzwa kwa bei ya chini na vikichemshwa na ganda hupotezi kitu. Nyanya ni kamari. Wakati wa mvua baka jani linaziangusha kwa wiki moja. Kiangazi zinapona, ila zinataka maji, na hapa kuna gharama iliyojificha: kama maji unayanunua kwa bidoni au mtoto anayafuata bondeni, kila nyanya ina bei ambayo hukuiandika. Nyanya za mti ni bora zaidi kwa nyumba yenye nafasi kidogo; mti ukishashika unazaa miaka kadhaa na matunda yake yanafaa juisi.

Wasio na shamba, na wengi walihamishwa na vita wakabaki na kipande cha mbele ya nyumba tu, watumie gunia. Gunia kuukuu, udongo, samadi ya ng'ombe ambayo huku haikosekani, na mawe katikati kama nguzo ili maji yashuke hadi chini. Toboa pembeni, panda lenga-lenga na vitunguu vya majani kwenye matundu. Maji ya kuoshea mboga yanatosha kulinywesha. Gharama ni mbegu na mkono wako. Usinunue mbolea ya dukani kwa gunia moja.

Neno moja juu ya migomba, kwa sababu hasara yake ni kubwa. Mnyauko wa bakteria wa migomba uliripotiwa nchini Kongo kwa mara ya kwanza mwaka 2001, hapa hapa Masisi. Mche wa bei rahisi kutoka shamba usilolijua unaweza kukuangamizia migomba yote. Chukua mche kwa mtu ambaye umeliona shamba lake lina afya. Panga lililokata mgomba mmoja lipitishe motoni kabla ya kugusa mwingine.

Kitu kitamu cha mchana

Fromaji ya Masisi, ambayo utengenezaji wake uliletwa na mapadri Wabelgiji miaka ya 1970, ndiyo anasa pekee ninayoitetea kwa nguvu. Inachukua kama lita kumi za maziwa kupata kilo moja, kwa hiyo bei yake haitokani na ujanja. Nunua kwa wafugaji au kwenye soko la karibu. Ikishuka hadi Goma imebeba usafiri na vizuizi vya njiani. Changa ina maji mengi, unalipia uzito wa maji. Iliyokaa ni ngumu, ina ladha zaidi na inadumu bila firiji ikiwa ganda lake halijapasuka. Pima kwa kilo, usinunue kwa macho. Robo kilo ikikatwa nyembamba juu ya mkate wa sufuria inashibisha watoto wengi.

Marakuja kwa maji ya kunywa: kilo moja hutoa juisi halisi isiyofika nusu kilo, ila ni kali na inachanganywa na maji mengi. Maji hayo yachemshwe, na yachemshwe kwenye moto ule ule wa jioni. Yakilala nje kwenye chungu usiku wa Masisi, asubuhi ni ya baridi, huhitaji barafu. Chagua matunda mazito hata kama ganda limekunjamana; mepesi na laini ni matupu.

Soda ya chupa ya kioo ina bei mbili: kinywaji na dhamana ya chupa. Watoto wakivunja moja, umelipa soda ambayo hakuna aliyeinywa. Biskuti za pakiti zisome gramu, usitazame ukubwa wa karatasi. Kwa uzito ule ule, karanga za kukaanga na parachichi vitakaa tumboni zaidi.

Pesa inayovuja kabla ya kufika jikoni

Benki za Goma zilifunga milango mwishoni mwa Januari 2025, na tangu hapo watu wengi wa huku wanategemea pesa ya simu. Wakala anakata kwa kutoa. Muuzaji naye wakati mwingine anaongeza kidogo ukimlipa kwa simu, akisema ni kwa ajili ya makato yake. Umekatwa mara mbili. Toa mara moja kwa mwezi kiasi cha unga, mafuta na mbegu pamoja, badala ya kutoa kidogo kidogo.

Bei ikitajwa kwa dola, uliza kwanza: "Mama, unahesabu dola kwa faranga ngapi?" Kila duka lina hesabu yake. Noti ya dola yenye mpasuko mdogo hukataliwa au kupunguziwa thamani, kwa hiyo usiipokee kwa mtu ambaye hutamuona kesho.

Kopo la kupimia litazame chini. Kopo lililobonyezwa kitako linakunyima kiganja kila kipimo. Gunia la unga litazame mshono: wa kiwanda umenyooka na uzi ni mmoja, ulioshonwa kwa mkono unasema lilifunguliwa. Ongeza usafiri wa pikipiki na wa chukudu kwenye bei ya gunia kabla ya kuwaambia wenzako wa likelemba, kundi lenu la kuchangia unga, kila mmoja atoe ngapi, maana anayekwenda sokoni ndiye huishia kulipa nauli kutoka mfukoni mwake, na mwezi unaofuata anakataa kwenda. Msinunue zaidi ya unga wa miezi miwili; unyevunyevu wa huku unaleta kuvu na wadudu. Na muuzaji asiyetaka gunia liwekwe kwenye mizani mbele yenu, mwacheni nalo, mchukue makopo machache kwa mwingine hadi soko la wiki ijayo.